Ligi ya Kwanza, na Hesabu Zangu za Mabati



Mimi ni karani wa parokia. Kazi yangu ni daftari na kalamu: majina ya waliobatizwa, matangazo ya ndoa, zaka za kila kigango, na barua za Padre Paroko kwenda jimboni. Nilisomea ualimu, nikahitimu, nikakaa nyumbani nikingoja kuajiriwa. Ndipo Paroko wa wakati ule akaniita nimsaidie ofisini kwa miezi mitatu. Miezi mitatu hiyo haijaisha mpaka leo.

Kule chuoni, ndani ya kabati la vitabu ambalo watu walilifungua kwa nadra, niliokota kitabu cha Kiingereza kisicho na jalada wala kurasa za mwanzo. Kilieleza jinsi ligi ya mpira wa miguu ya Uingereza ilivyoanza mwaka 1888, nayo ndiyo ligi ya mpira ya kwanza duniani. Nilikisoma kwa sababu nilitaka kujizoeza Kiingereza, nikakipenda kwa sababu ya mpira, na miaka mingi baadaye kikanihukumu. Nitaeleza yote mawili, ligi na hukumu, maana siwezi tena kuyatenga.

Siku hizi mtu akisikia neno ligi hudhani ni kitu kilichokuwako tangu mwanzo, kama masika na kiangazi. Sivyo. Katika miaka ya 1880 huko Uingereza timu zilikuwa nyingi sana, na Kombe lilikuwa likishindaniwa tangu mwaka 1871, lakini mechi nyingine zote zilikuwa za kualikana tu. Timu moja yaandikia nyingine barua: njoni Jumamosi. Jumamosi imefika, watu wamelipa kiingilio, wamesimama kwenye matope, na wageni hawaonekani. Pengine wamepangiwa mechi ya Kombe siku ile ile. Pengine wamepata mwaliko wenye fedha nono zaidi mji mwingine. Pengine wamekuja wanane badala ya kumi na mmoja. Watu wanarudi nyumbani wakinung'unika, na wiki ijayo hawaji tena.

Na watu wale walikuwa ni akina nani? Wengi ni wafanyakazi wa viwanda vya pamba, vya chuma na vya vyombo vya udongo. Sheria za viwanda zilikuwa zimewapa nafasi ya Jumamosi mchana, kazi ikikoma mapema, na reli zilikuwa zimeunganisha miji yao. Nusu siku hiyo ndiyo iliyozaa mpira wa kulipia. Kama wangalifanya kazi mpaka usiku wa Jumamosi, nani angalikwenda kiwanjani? Jumapili kule haikuwa siku ya mchezo.

Kisha lilikuwako jambo la mishahara. Mwanzoni chama cha mpira kilikataza kabisa mchezaji kulipwa. Waungwana walisema mtu acheze kwa ridhaa yake. Lakini mwungwana alikuwa na shamba la baba yake, na mfuma nguo alikuwa na mikono yake tu. Basi timu za kaskazini zikawalipa kwa siri. Mwaka 1884 timu ya mji wa Preston ilishtakiwa kwa kosa hilo. Kiongozi wake, Bwana William Sudell, meneja wa kiwanda cha pamba, hakukana. Alikiri kwamba wachezaji wake hulipwa. Preston wakatolewa katika Kombe, lakini mlango ulikuwa umekwisha kuvunjika, na Julai 1885 kulipwa kukaruhusiwa. (Mshike jina hili la Sudell, nitarudi kwake.)

Sasa tazameni taabu iliyofuata. Mishahara inatakiwa kila wiki, lakini kiingilio hakijulikani kitapatikana wiki gani. Ndipo akatokea Mskoti mmoja, Bwana William McGregor, mwuza vitambaa katika jiji la Birmingham na mmoja wa wakuu wa timu ya Aston Villa. Alikuwa Mkristo mcha Mungu asiyeonja pombe, naye hakuwa fundi wa mpira hata kidogo. Tarehe 2 Machi 1888 aliandika barua kwa timu chache. Shauri lake lilikuwa jepesi: timu kumi au kumi na mbili zilizo bora zifanye mapatano, kila moja icheze na kila mwenzake nyumbani na ugenini, na tarehe zipangwe mapema zisivunjwe.

Nilipoyasoma hayo chuoni nilicheka peke yangu, maana nilikiona kijiji chetu. Parokia yetu ina vigango sita, na kila kigango kina timu ya vijana. Tangu nikiwa mtoto mechi zao zilikuwa za kualikana kwa mdomo baada ya Misa. Huku wanasema tulipatana saa tisa, kule wanasema saa kumi. Hawa wamefika bila mpira, wale wamefika na mpira lakini refa wao amekwenda kilabuni. Katekista mmoja alinieleza kwamba vijana wake walitembea kilomita kumi na nne wakakuta kiwanja kimefungwa ng'ombe.

Basi mwaka 2022 Paroko aliniambia, "Karani, wewe umesoma, tupange utaratibu." Nikachukua shauri la Bwana McGregor lote zima. Timu sita, nyumbani na ugenini, hufanya mechi 30, yaani Jumapili kumi zenye mechi tatu tatu. Tulianza Jumapili ya Pentekoste, 5 Juni, mavuno yakiwa yanaisha, tukamaliza 7 Agosti. Zawadi ilikuwa mbuzi dume, atolewe sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria, 15 Agosti. Ratiba niliiandika kwa mkono kwenye karatasi ngumu, nikaibandika mlango wa kanisa. Sijapata kuona watu wakisoma mlango wa kanisa kama mwaka ule. Matangazo ya ndoa yaliyobandikwa kando yake hayakuona mtu.

Turudi Uingereza. Mkutano wa kwanza ulifanyika London tarehe 23 Machi 1888, na wa pili Manchester tarehe 17 Aprili, na huo wa pili ndio ulioiunda ligi. Timu zilikuwa kumi na mbili, sita za mkoa wa Lancashire na sita za maeneo ya katikati ya nchi. London, pamoja na ukubwa wake, haikuwa na timu hata moja. Zaidi ya kumi na mbili hazikuwezekana kwa sababu Jumamosi zilizokuwa wazi zilikuwa 22 tu. Bwana McGregor hakulipenda neno ligi, kwa kuwa lilimkumbusha Ligi ya Ardhi ya Waayalandi, ambao wakati ule walikuwa wakigombania mashamba yao na mabwana wa Kiingereza. Lakini Sudell alilitaka, na likakubaliwa. Ndilo hilo tunalolitumia hata sisi huku.

Na jambo hili litawafurahisha wasomaji wa gazeti hili: timu nyingi za siku zile zilizaliwa kanisani. Aston Villa ilianzishwa mwaka 1874 na vijana wa kanisa la Kimethodisti. Everton nayo ilitoka kanisa la Kimethodisti la Liverpool. Bolton Wanderers ilikuwa timu ya shule ya Jumapili ya kanisa la Waanglikana. Ikahama mwaka 1877 kwa sababu kasisi alitaka awepo katika kila mkutano wao. (Paroko wetu aliposikia hili alisema kasisi yule alikuwa na muda mwingi sana.) Wolverhampton Wanderers ilianza kwa watoto wa shule ya kanisa la Mtakatifu Luka. Na sisi Wakatoliki hatukuwa nyuma: Glasgow, huko Uskoti, Bruda Walfrid wa shirika la Wamarist aliianzisha Celtic mwishoni mwa mwaka 1887 ili kupata fedha za kuwalisha watoto maskini wa mitaa ya Waayalandi. Mechi yake ya kwanza ilikuwa 28 Mei 1888. Hiyo haikuwa katika ligi ya Uingereza, maana Waskoti walianzisha yao mwaka 1890, lakini siwezi kuipita kimya.

Jumamosi ya kwanza ilikuwa tarehe 8 Septemba 1888, zikachezwa mechi tano. Bolton waliwafunga Derby County mabao matatu upesi upesi, nadhani watu wao wakaanza kuimba; mpaka mwisho Derby walikuwa wameshinda 6 kwa 3. Preston waliwafunga Burnley 5 kwa 2. Everton waliwashinda Accrington 2 kwa 1 katika kiwanja cha Anfield, ambacho wakati ule kilikuwa chao, maana Liverpool haikuwa imezaliwa bado. Goli halikuwa na nyavu, hivyo ugomvi wa kuuliza mpira umepita ndani au kando haukukoma. Penalti pia haikuwako. Iliingia mwaka 1891.

Jambo la ajabu kuliko yote ni kwamba walianza kucheza bila kuamua bingwa atapatikanaje. Septemba ikapita, Oktoba ikapita. Novemba ndipo walipokubaliana kwamba kushinda ni pointi 2 na sare ni pointi 1. Sisi parokiani tulianza na pointi 3 kwa ushindi, kama ilivyo siku hizi, na bado tuligombana.

Lakini kugombana kwao hakukuwa na faida kwa mtu, maana Preston hawakupata kufungwa. Mechi 22: walishinda 18, wakatoka sare 4. Walifunga mabao 74, wakafungwa 15. Walipata pointi 40, na Aston Villa waliofuata walikuwa na 29. Kisha wakatwaa na Kombe, tarehe 30 Machi 1889 mjini London, kwa kuwafunga Wolverhampton 3 kwa 0, na katika Kombe lote hawakufungwa hata bao moja. Mfungaji wao mkubwa, John Goodall, alikuwa mwana wa askari Mskoti. Wengi wa wenzake pia walikuwa Waskoti walioletwa kwa mishahara. Lakini bao la kwanza la fainali ile lilifungwa na nahodha Fred Dewhurst, ambaye alikuwa mwalimu wa shule na alicheza kwa ridhaa bila mshahara. Mimi niliyesomea ualimu naruhusiwa kulitaja hilo.

Inasemekana mwaka uliotangulia, 1888, kabla ya fainali dhidi ya West Bromwich Albion, Preston waliomba wapigwe picha pamoja na Kombe wakiwa bado na nguo safi. Refa akawaambia ni afadhali walitwae kwanza. Wakafungwa 2 kwa 1. Nawapenda kwa sababu walirudi mwaka uliofuata.

Kuna jina jingine ambalo nisingependa lisahauliwe. Kabla ya msimu ule, mlinda mlango wa Preston katika Kombe la 1886–87 alikuwa Mwafrika, Arthur Wharton, aliyezaliwa Accra mwaka 1865, mwana wa mchungaji wa Kimethodisti. Alikuwa mkimbiaji pia. Mwaka 1886 alikimbia yadi 100 kwa sekunde 10. Aliiacha Preston mwaka ule ule wa 1888 ili ashike riadha, hivyo akakosa msimu ambao wenzake hawakushindwa. Baadaye alirudi mpirani akawa mchezaji wa kulipwa, Mwafrika wa kwanza anayejulikana. Uzeeni alifanya kazi katika machimbo ya makaa ya mawe, akafa mwaka 1930, akazikwa katika kaburi lisilo na jina. Jiwe liliwekwa mwaka 1997. Nilipowasimulia vijana wetu habari hii, golikipa wa kigango cha mlimani aliniuliza ni kwa nini wenzake hawakuchanga mapema. Sikuwa na jibu.

Sasa nafika kwa Sudell.

Preston, kama jina lenyewe lilivyo katika Kiingereza cha kale, maana yake ni mji wa mapadre. Hapo Sudell alikuwa meneja wa kiwanda, mtu aliyeheshimiwa, mwenye cheo cha meja katika askari wa kujitolea. Aliipenda timu kuliko kitu kingine. Yeye ndiye aliyewatafuta Waskoti, akawalipa, akawavika, akawasafirisha. Watu walijua kwamba timu ni tajiri. Hawakuuliza utajiri unatoka wapi. Mwaka 1895 ilijulikana. Fedha zilikuwa za kiwanda. Kwa miaka mingi alikuwa akichukua na kuandika vitabu vya hesabu kwa uongo, zaidi ya pauni 5,000, na sehemu kubwa ilikwenda kwenye mpira. Alihukumiwa kifungo cha miaka mitatu. Alipotoka alihamia Afrika Kusini, akawa mwandishi wa habari, akafa Cape Town mwaka 1911. Bwana McGregor, mwenye barua, alifariki mwaka ule ule.

Wasomaji wapenzi, mimi niliyajua hayo tangu chuoni. Sikuwa na udhuru wa kutojua.

Katika ligi yetu ya vigango, mimi nilikuwa mpanga ratiba, mwandika pointi, tena mshabiki wa kigango cha parokiani, ambako nimezaliwa. Katikati ya Juni tulifungwa na kigango cha mtoni mbele ya mama zetu. Jumatatu yake vijana wakaja ofisini. Wakasema: karani, kuna kijana fundi baiskeli kule mjini, anafunga magoli kama anachuma maembe, anataka shilingi 10,000 kwa kila mechi. Tena safari ya mlimani ni mbali, tukienda kwa miguu tutafika tumechoka, na lori ni shilingi 45,000. Nikawaambia timu haina fedha. Wakanitazama. Kisha wakalitazama kabati.

Ndani ya kabati ilikuwamo hela ya mabati. Paa la kanisa letu lilikuwa linavuja upande wa kwaya, na jumuiya zilikuwa zikichanga tangu Kwaresima. Mimi ndiye niliyekuwa nikipokea na kutoa stakabadhi.

Nilijiambia ni mkopo. Nilijiambia mahindi yangu yakiuzwa nitarudisha kabla mtu hajauliza. Nilijiambia hata vijana ni kanisa. Nikatoa 45,000 za lori, na mara nne nikatoa 10,000 za fundi baiskeli; jumla 85,000. Katika daftari niliandika "misumari ya bati" na "nauli ya fundi". Wino ule ule, mwandiko ule ule mzuri niliofundishwa chuoni. Hilo la nauli ya fundi nililiona hata la kuchekesha, maana kweli alikuwa fundi.

Katika mechi zile nne tulishinda tatu na kutoka sare moja. Tarehe 7 Agosti tulimaliza wa kwanza, pointi 23. Vijana walinibeba mabegani.

Usiku ule nikawasha taa, nikakitoa kile kitabu kisicho na jalada. Nilitaka kuandaa maneno ya siku ya mbuzi. Nilikusudia kuwasimulia watu wote juu ya Preston waliomaliza msimu bila kufungwa, na kuwafananisha na vijana wetu. Nikaandika mwanzo wake vizuri. Nikafungua kurasa zaidi ili nipate jina la yule mkuu wao, nikaukuta mwaka 1895.

Sikulala. Mke wangu aliniuliza kama ni malaria.

Asubuhi nilipanda baiskeli mpaka parokia ya jirani nikaungame kule ambako hawanijui sana. Nasema kweli, nilitaka jambo liishie katika kitubio, lisitoke nje. Padre yule alinisikiliza mpaka mwisho, akanipa maondoleo, akaniambia nirudishe fedha yote, na kwamba hesabu iliyoandikwa uongo mbele ya watu isahihishwe mbele ya watu. Nilirudi nikisukuma baiskeli, ingawa haikuwa na pancha.

Jioni nikaenda kwa Paroko wangu na daftari mkononi, na barua ya kuacha kazi ndani ya bahasha. Alisoma ile mistari miwili mara mbili tatu. Hakupaza sauti. Aliuliza kitu kimoja tu, kama kuna mistari mingine ya namna hiyo katika miaka yote. Nikasema hakuna, na ilikuwa kweli, lakini niliona kwamba analazimika kuniuliza, na ya kwamba hata nikijibu hana njia ya kujua. Hilo liliniuma kuliko kama angalinipiga. Barua aliitia katika mtoto wa meza. Akasema, "Jumapili utasoma hesabu mwenyewe."

Niliuza mbuzi jike wawili. Mke wangu alisema neno moja: "Hao walikuwa sare na madaftari ya mtoto." Hakuongeza.

Jumapili tarehe 14 Agosti, baada ya Misa ya kwanza, nilisimama mbele nikasoma hesabu ya mabati kama ilivyoandikwa, kisha kama ilivyokuwa. Kanisa lilikuwa kimya hata njiwa wa darini wakasikika. Nyuma upande wa akina mama akasimama bibi mmoja mjane. Namkumbuka, maana stakabadhi yake niliiandika mwenyewe: shilingi 2,500, bei ya mayai. Akasema, "Mjukuu wangu karani, nataka kuuliza. Bati langu mimi lilicheza namba ngapi?"

Watu walicheka sana. Paroko naye aligeuza uso. Mimi sikucheka, na mpaka leo nikikutana na bibi yule njiani mimi ndiye ninayewahi kumwamkia, hata kama yuko mbali.

Manahodha wa timu sita walikutana mchana ule ule chini ya mwembe. Sikuruhusiwa kuingia. Waliamua pointi zote kumi za zile mechi nne tupokonywe. Tukabaki na 13, tukashuka mpaka nafasi ya nne, na mbuzi akaenda kigango cha mtoni. Vijana walionibeba mabegani, wawili kati yao walikaa mwaka mzima bila kunisalimu. Wao walisema sikuiba mimi peke yangu, lakini nimewaaibisha peke yangu. Nimelifikiri neno lao mara nyingi. Lina ukweli ndani yake: sikuwaambia kwanza. Nilipaswa kuwaita kabla ya Jumapili, nao wajiandae, na sikuwaita kwa sababu niliogopa watanishawishi nisisome.

Yule fundi baiskeli hana kosa. Yeye aliombwa kucheza, akacheza, akalipwa alichopatana. Kulipwa kwa kazi ya miguu si dhambi. Waingereza waliligombania hilo mpaka 1885 na mimi nasema waliamua vema. Nilimlipa kwa hela isiyo yangu, na kosa hilo ni langu. Yeye nilimweleza, akataka kurudisha 10,000. Nilikataa.

Timu kumi na moja kati ya zile kumi na mbili za 1888 ziko hai mpaka leo. Ni Accrington tu iliyojitoa mwaka 1893 na kufa baadaye. Stoke, waliokuwa wa mwisho msimu wa kwanza, walitolewa mwaka 1890, na nafasi yao ikachukuliwa na Sunderland, jina ambalo wazee wa Dar es Salaam wanalijua: Sunderland ya kwetu ndiyo iliyotwaa ligi ya taifa ilipoanza mwaka 1965, na mwaka 1971 ikajiita Simba. Nawaambia haya kwa sababu vijana huniuliza, na kwa sababu naona raha kuyasema.

Ligi ya vigango inaendelea. Ratiba bado naandika mimi. Barua yangu bado iko katika mtoto wa meza, na Paroko hajaitaja. Lakini hela, ya mabati na ya mpira, hushikwa na watu watatu waliochaguliwa na halmashauri ya walei, na mmoja wao ni yule bibi wa mayai. Hajui kusoma, ila kuhesabu anajua kuliko sisi. Kila Jumamosi huja na kigoda chake, hukaa mbele ya meza yangu, na kuniambia, "Haya karani, soma." Mimi nasoma, yeye anapanga noti na sarafu mafungu mafungu kwenye mkeka.

Jumamosi iliyopita alihesabu mara tatu, akakuta shilingi 500 zimezidi. Akataka kujua zimetoka wapi. Tulikaa mpaka magharibi tukizitafuta.